Mwaka Samaki wa Shangazi Walipofunga

Katika arobaini ya Shangazi Hadija, wageni walipokwisha kula na wengi kuondoka, mama mmoja mnene aliyevaa kitenge cha Kikongo alinifuata mpaka jikoni. Nilikuwa nimeinama kwenye sufuria ya pilau nakwangua ukoko, maana ukoko wa pilau simwachii mtu, hata siku ya msiba. Akasimama nyuma yangu, na bila salamu wala pole akauliza: “Mariamu, samaki iko wapi?” Nikageuka. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita na mashavu yalikuwa yamejaa pale yalipokuwa yamebonyea, lakini Kigali nzima ni mtu mmoja tu angeweza kuniuliza swali hilo kwa sauti ya kudai haki yake. Nilimkumbatia Godeliva kwa mikono ileile ya mafuta, tukalia kidogo, kisha tukacheka mpaka binti zangu wakaja mlangoni kutukumbusha kwamba bado kuna wafiwa sebuleni. Niliwaambia mfiwa namba moja ni mimi, na mimi ndiye ninayecheka.

Tulikaa mkekani mpaka magharibi nikimjibu swali lake, na watoto wakakaa kusikiliza. Hawakujua kwamba bibi yao, ambaye maisha yake yote aliangalia mnyama kwa jicho la kumpima kilo, aliwahi kufuga viumbe visivyoliwa. Hawakujua pia kwamba mwaka ule mmoja ndio ulionifundisha kazi ninayoiheshimu kuliko zote, nayo ni kazi ya kuacha kitu kama kilivyo. Mimi si mtu wa kuacha. Nikiona mto umekaa upande, mkono unaniwasha. Kwa hiyo nikisema nilifundishwa, mjue nilifundishwa kwa taabu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, nami nina miaka kumi na tisa. Jinsi nilivyofika kuishi kwa Shangazi si muhimu hapa. Mgahawa wake ulikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, mtaa wa Nyamirambo hapa Kigali, kuta zimepakwa rangi ya buluu mpaka usawa wa mabega ya mtu aliyeketi, na kuanzia hapo juu chokaa, ili migongo ya wateja isiache alama. Kulikuwa na mabenchi, meza zenye vitambaa vya plastiki vya maua, dirisha pana, na chini ya dirisha kibaraza cha saruji ambako thermosi za chai zilipangwa kwa ukubwa wake. Asubuhi ilikuwa chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati na maharage. Mchana wali, sombe ya majani ya muhogo, na nyama siku yenye nyama. Shangazi alikuwa mjane mwembamba, mwepesi, na hakuna mtu aliyewahi kumwona ameketi. Alikula amesimama, alihesabu chenji amesimama, na nadhani hata usingizi alikuwa anauchukua kwa kuuiba. Mimi kazi ya jikoni ilinishinda. Chapati zangu zilitoka na pembe. Mafuta ya moto nilikuwa nayaogopa tangu yaliponirukia mkononi, alama ninayo mpaka leo. Shangazi hakunigombeza. Aliniangalia, akavuta pumzi, akaendelea na kazi yake, na ile pumzi ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa.

Tangi lililetwa na Godeliva. Alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani, msichana wa rika langu, Mkatoliki wa kuwahi misa ya alfajiri, na alikuwa anapiga taipu katika ofisi moja huko Kacyiru. Bosi wake mzungu alikuwa anarudi kwao kwa haraka, kama wengi walivyofanya siku zile, na vitu vya nyumbani akavigawa. Mmoja alipata friji, mwingine mbwa, na Godeliva akapata samaki. Alifika kwa pikapu ya kukodi, amelikumbatia tangi la kioo kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, maji nusu yamemwagika na gauni limelowa mpaka kifuani. Ndani mlikuwa na samaki wadogo wenye mikia ya rangi, mawe meusi, na majani marefu kama utepe yaliyoota kutoka chini mpaka juu ya maji. Yule bosi alikuwa amemwachia maneno mawili tu: majani yanapenda mwanga, na samaki wasipewe chakula kingi. La kwanza Godeliva alilishika. La pili, kwa nyumba ile, halikuwa na pa kukaa.

Chumba cha Godeliva kilitosha kitanda na viatu, basi akamwomba Shangazi aliweke tangi mgahawani. Nilijua atakataa. Lakini chini kidogo ya mteremko wetu kulikuwa na mgahawa mwingine, na mwenye mgahawa huo alikuwa amenunua kabati la kioo la kuwekea sambusa, lenye taa ndani, na watu walikuwa wanasimama barabarani kulitazama. Jambo lile lilimkaa Shangazi rohoni. Alilizunguka tangi, akagonga kioo kwa ukucha, akasema liwekwe dirishani ili barabara nzima ione na sisi tuna kioo. Thermosi zikahamishwa, tangi likapanda kibarazani, jua la asubuhi likawa linaingia ndani yake moja kwa moja. Kisha akanigeukia, akasema hawa samaki ni wa Mariamu, mtu asiwaguse. Sikuwa nimewahi kupewa kitu kikaitwa cha kwangu kabla ya siku ile. Nisizunguke: niliwapenda palepale.

Sasa nieleze kosa letu, maana sidhani lingetokea kwa yule bosi wa Kacyiru. Kwetu mtu hatafuni mbele ya macho ya mwenzake bila kumkaribisha. Hata kama chakula ni kidogo na una njaa, unasema karibu, na unaombea moyoni akatae. Na wale samaki walikuwa na macho. Mtu akiketi tu, walikuwa wanakuja wote kwenye kioo, midomo inafunguka na kufunga. Wa kwanza kushindwa alikuwa Fundi Rashidi, mshonaji ambaye kibaraza chake kilipakana na mlango wetu, mzee mpole mwenye futi ya kupimia shingoni, ambaye kila asubuhi alikunywa chai kwa Shangazi. Alikuwa amekata chapati, akanyanyua uso, akawakuta wamemtazama. “Karibuni,” akawaambia kwa adabu kabisa, akawatupia kipande. Tangu hapo hakuna aliyekula kwa Shangazi bila kukaribisha. Walitupiwa wali, maharage, sombe, ngozi ya kuku. Dereva mmoja aliwamiminia chai ya maziwa, kidogo tu, akisema kumbe nao wanashinda kwenye maji baridi. Mimi nilifurahi, nikaona wageni wangu wanaheshimiwa.

Haukupita muda kioo kikaanza kuota ukoga. Kwanza ulikuwa ukungu wa kijani upande wa dirishani, ambao kidole kiliufuta. Baadaye nyuzi ndefu zikashika kwenye majani kama nywele kwenye kitana, na mwishowe maji yenyewe yakawa na rangi ya sombe. Godeliva, aliyesoma, alisema unaitwa mwani. Shangazi alisema unaitwa uchafu. Na uchafu nyumbani kwa Shangazi ulikuwa na dawa moja tu, kusugua. Kila Ijumaa, kabla ya watu kutoka msikitini, nilihamisha samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua kioo na mawe kwa majivu kama masufuria, nikang'oa majani nikayaosha moja moja bombani, nikayapanda upya. Ijumaa jioni tangi lilimetameta. Wateja walisifu. Kabla wiki haijafika nusu, kijani kilikuwa kimerudi, na kila mara kilirudi na nguvu zaidi. Majani yaliyokuwa yamefika juu ya maji yakawa mafupi, yana vidonda, hayakupata hata siku za kushika mizizi kabla sijayang'oa tena kwa ajili ya usafi. Samaki wawili walikufa. Niliwazika nyuma ya choo, na Godeliva akawasomea sala.

Wateja waliokuwa wanasifu wakaanza kuuliza. Mmoja alisema kwa sauti kwamba kama ile ndiyo supu ya leo, yeye ataomba maharage. Chumba kizima kilicheka, na kwa bahati mbaya jirani wa kabati la sambusa alikuwa mlangoni, naye akacheka. Shangazi alingoja mpaka tulipofunga. Kisha akasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni, akanieleza bila hasira kwamba Ramadhani inaingia na baada yake Idi, na Idi nyumba yake haipokei wageni ikiwa na bwawa dirishani. “Siku ya Idi nataka kuona barabara kupitia maji haya,” akasema. “Nisipoiona, kioo hiki kitakuwa kabati la sambusa, na wewe utakuwa wa kuzikaanga.” Nililala vibaya. Niliwaza samaki wangu wakimwagwa kwenye mfereji, na niliwaza karai la mafuta likinisubiri kila asubuhi ya maisha yangu, na sikujua kipi kinanitisha zaidi.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima ziliingia wiki moja. Godeliva alirudi kutoka misa ya majivu ana alama kwenye paji la uso, na kesho yake sisi tukaanza kufunga, na Shangazi akasema mwaka huu nyumba nzima imeshikwa, hakuna pa kukimbilia. Kila Ramadhani alikuwa anafunga chumba cha kulia mpaka alasiri, mapishi yanahamia uani, na dirisha la barabarani linafunikwa pazia zito jeusi alilolishona Fundi Rashidi, ili mpita njia aliyefunga asione sahani. Pazia likapigiliwa misumari mbele ya tangi langu. Niliuliza samaki watapataje jua. Shangazi akaniuliza nani anahitaji jua mwezi mtukufu. Nikauliza nani atawalisha mchana. Akasema nyumba hii hakuna anayekula mchana. Godeliva akaingilia kati, akasema hao samaki walizaliwa Kacyiru kwa mzungu, bila shaka ni Wakatoliki. “Basi nao wako Kwaresima,” Shangazi akasema. “Vuta pazia.”

Ndivyo samaki wangu walivyoingia kwenye funga za dini mbili kwa mpigo. Magharibi, sisi tukifungua kwa tende na maji, Shangazi aliniruhusu kuwatupia kibano kimoja cha chakula, kinachotosha kubanwa na vidole viwili, na balbu ya chumba ilikuwa ndiyo taa yao mpaka tunapofunga. Ijumaa ya kwanza nilichukua beseni kwenda kusugua kama kawaida. Shangazi akanirudisha. Maji ya bomba mwezi ule yalikuwa yanakuja kwa kuibia, na aliyataka kwa udhu na kwa futari, si kwa kuogesha mawe. Alinipa jagi moja. Niliteka jagi moja la maji machafu, nikarudisha jagi moja la maji safi, na nikaona nimefanya kazi ya mtu mvivu. Mchana nilikuwa nakaa mle gizani kwenye benchi nikichambua mchele, peke yangu na wao. Kupitia pazia niliwasikia wanaume kwenye kibaraza cha Fundi Rashidi. Walizungumza vita vya kaskazini na vyama vipya, nani amevaa kofia ya chama gani, na sauti zilikuwa zinashuka kila walipotaja jina la mtu. Halafu mmoja alichoka na habari zile, akamuuliza Fundi kama samaki wa Bi Hadija bado wako hai, na sauti zote zikapanda tena. Fundi akasema anawahurumia, kwa sababu kipande chao cha asubuhi anakiwaza kuliko chake.

Siku zikaenda, na asubuhi moja niliwasha balbu, nikasogeza uso kwenye kioo nikaona kitu ambacho sikukitafuta. Ukoga haukuwa umeongezeka. Zile nyuzi zilizoshika majani zilikuwa zimegeuka kijivu, na chini, katikati ya majani yenye vidonda, limechomoza jani jipya jembamba, safi kabisa. Nilimwita Godeliva kabla hajaenda kazini. Tulipiga magoti tukaangalia lile jani kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Godeliva akasema labda ni kwa sababu hakuna mtu aliyeling'oa. Alisema kwa utani, lakini nilibaki nalo siku nzima. Nilijiuliza tangu lile tangi lije, ni lini tuliliacha hata wiki moja bila kulitia mkono, iwe wa kulisha au wa kusafisha.

Kisha mambo yakaharibika, au nikadhani yameharibika. Ule ukoga ulipokufa ulianguka chini, ukawa tope la kahawia, na tangi likatoa harufu ya kitambaa cha vyombo kilichosahaulika kwenye maji. Mikono iliniwasha. Niliota nasugua. Godeliva akatafuta kipande cha mpira mwembamba, akasema tutalivuta tope peke yake bila kugusa majani, upande mmoja wa mpira kwenye tangi, mwingine kwenye ndoo. Tatizo likawa ni nani atavuta maji kwa mdomo yaanze kutoka. Mimi nimefunga, na tone moja likinipita kooni siku imekwenda. Shangazi naye amefunga. Tukamtazama Godeliva. Alisema Kwaresima yake ni ya kuacha sukari na nyama, haikutaja maji ya samaki, akafanya ishara ya msalaba, akavuta. Alipata kinywa kizima. Mpaka leo sijui binadamu mwingine anayeweza kutema mate kwa muda ule wote. Lakini tope likatoka, na tangu siku hiyo akawa ndiye mvutaji wetu rasmi, akitudai futari kama malipo. Alikuwa anafuturu na sisi kila jioni ilhali mchana alikuwa amekula, na Shangazi akimwambia kwamba kwa dini mbili anazoshika ameweza kupata milo mitano.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa Shangazi mwenyewe. Ile saa ya kungoja magharibi, mapishi yameiva na hakuna cha kufanya ila kusubiri, alianza kuja chumbani. Mwanzoni alisimama. Siku moja nilileta trei ya vikombe nikamkuta ameketi kwenye benchi mbele ya tangi, ameketi kabisa, amevua kandambili, miguu imenyooshwa. Nilirudi nyuma polepole nisimshtue. Kesho yake alikaa tena. Aliniambia bila kugeuka kwamba yule mwenye mkia mwekundu ni mgomvi, na kwamba yule mdogo anajificha kwenye jani jipya. Nikakaa karibu naye. Hatukuwa watu wa kuongea, mimi na yeye, na jioni zile hatukuongea sana, lakini nilijisikia kwa mara ya kwanza kwamba ninakaa nyumbani kwangu.

Basi ikafika siku ya mwisho. Wanaojua nyumba zetu wanajua siku moja kabla ya Idi ikoje: kuta zinapakwa chokaa, godoro linatolewa juani, sufuria zinasuguliwa mpaka zinaonyesha uso. Pazia lilikuwa bado liko misumarini na chumba kilikuwa giza. Shangazi alikuwa ameshika nyumba tangu alfajiri kama mtu anayefukuza nyoka, na mchana akaingia chumbani na ndoo, majivu, na brashi ya kufulia. Alikuwa ameusahau ule ukaaji wake wote. Alitaka litoke kila kitu, maji, mawe, majani, lisuguliwe mpaka kesho limetamete. Nilijua litametameta kweli, na nilijua kijani kitarudi kabla vitambaa vya Idi havijakunjwa, na safari hii hakutakuwa na samaki wa kukiona. Mtoto wa kike hamwambii shangazi yake hapana. Sijui kwenu, kwetu hasemi. Nilisimama kati yake na tangi.

“Shangazi, hapana,” nikasema. “Liache.”

Alinitazama. Ndoo ilikuwa bado mkononi. Nilimwambia ni langu, yeye mwenyewe alisema ni langu mbele ya watu, na kama kesho haoni barabara nitakaanga sambusa zake mpaka nizeeke wala hatanisikia nikilalamika. Nje cherehani ya Fundi Rashidi ilikuwa inakimbia kumaliza kanzu za watu, ikasimama, nikajua na yeye anasikiliza. Shangazi aliangalia giza la tangi, ambamo hakuna kitu kilichoonekana, akaweka ndoo chini. Hakuvuta ile pumzi yake. Alisema basi nichukue majivu nikasugue sufuria, yasipotee bure, akatoka.

Asubuhi ya Idi, watu waliporudi kutoka kusali, chumba kilijaa kanzu mpya na marashi. Shangazi alipanda kwenye benchi mwenyewe, akang'oa misumari, pazia likaanguka. Jua la mvua za Machi na Aprili linapopata nafasi huingia kwa nguvu, na liliingia kupitia tangi mpaka ukuta wa pili. Kwenye kioo bado kulikuwa na ukungu kidogo pembeni, sitadanganya. Lakini maji yalikuwa meupe. Majani yalisimama mapya, mengi, yamefika nusu ya safari ya juu, na kati yake samaki walipita na mikia yao yote. Na upande wa pili wa maji, barabarani, tuliona uso wa Fundi Rashidi aliyekuwa anachungulia kutoka nje, umekuzwa na kioo mpaka pua imekuwa kama kiazi. Chumba kizima kilipiga makofi. Mimi nililia, na Godeliva akanifuta kwa kanga yangu mpya.

Fundi akaingia, akapewa chai, akapewa chapati. Mwezi mzima alikuwa ameingojea asubuhi ile. Akaketi mahali pake, akakata kipande, akanyanyua uso, nao wakaja wote kwenye kioo, midomo inafunguka na kufunga. “Karibuni,” akaanza. Shangazi alimshika mkono ukiwa hewani. Alimwambia kwa upole kwamba wale wamekwisha kula, na mgeni aliyeshiba akilazimishwa ni kumtesa. Kisha akamgeuza benchi, yeye na chai yake, akae ameyapa macho yale mgongo, ili ale bila aibu. Hivyo ndivyo mabenchi yote ya upande ule yalivyogeuzwa, na pazia likabaki kwenye dirisha nusu, na wageni walipouliza kwa nini wateja wa Bi Hadija wanakula wameangalia ukuta, walijibiwa kwamba ni heshima.

Godeliva aliondoka mwaka uliofuata, akaolewa Bukavu, Kongo, na tukapotezana. Mwaka wa tisini na nne ulipita juu ya nyumba yetu kama ulivyopita juu ya nyumba zote. Mimi na Shangazi tulibaki. Fundi Rashidi hakubaki, na mpaka leo nikikata chapati yangu namkumbuka, inaniuma. Kuhusu samaki nilimwambia Godeliva kweli yenyewe: tulipoweza kufungua tena mgahawa tulikuta tangi limepasuka upande mmoja, limekauka. Shangazi hakulitupa. Alilifuta, akaweka taa ndani, likawa kabati la sambusa kwa miaka mingi, naye alikuwa anaketi mbele yake kila jioni, ameketi kabisa, miguu imenyooshwa. Na za kukaanga nilikaanga mimi. Godeliva alicheka huku anajifuta machozi, kisha akauliza Shangazi aliondokaje, na hilo pia nikamweleza.

Aliugua mwanzoni mwa mwaka huu, kwa uzee tu, na mwishowe ndio uliomchukua. Nyumba ikajaa. Kila aliyeingia aliingia na kitu, huyu uji, huyu supu, huyu maziwa ya moto, na kila mmoja akashika kijiko, akasema kidogo tu, Bi Hadija, kidogo tu. Naye, kwa kuwa wale ni wageni wake, alikuwa anafungua mdomo. Nilikaa pembeni nikimwangalia akifungua na kufunga, kijiko baada ya kijiko, uso umebadilika rangi. Nikasimama. Niliwatoa wote, wakubwa zangu wakiwemo, na wengine wamenuna mpaka leo. Nikavuta pazia. Nikamwekea maji tu karibu, nikaketi benchini gizani, mikono nimeikalia. Tulikaa hivyo muda mrefu nikadhani amelala.

“Umeninyima chakula kama wale samaki wako,” akasema.

Nikasema ndiyo, Shangazi.

“Vizuri,” akasema. “Wale walipona.”

Akalala mpaka asubuhi. Alipoamka aliomba chapati, mwenyewe, kwa kinywa chake. Nikampikia moja, ikatoka na pembe, maana zangu zinatoka hivyo mpaka leo. Aliigeuza, akaiangalia, akaila yote mbele ya macho yangu, bila kunikaribisha.